Mvua ikikukuta na baiskeli Japani: ujibanze wapi?

Kijapani kina neno moja, amayadori, maana yake kujibanza mahali ukingojea mvua ipite. Nilifundishwa neno hilo pwani ya mashariki ya mkoa wa Kochi, kisiwani Shikoku, nikiwa nimesimama chini ya upenu wa duka lililofungwa, baiskeli inachuruzika maji na vidole vimekufa ganzi. Bibi mmoja alifungua dirisha ng'ambo ya barabara, akanitazama nilivyolowa chapachapa, akalitamka neno hilo huku akininyooshea kidole kibanda cha basi kilichokuwa mbele kidogo. Kilikuwa na kuta tatu, benchi la mbao, na mto wa kukalia ulioshonwa kwa mkono. Nilikaa mle saa mbili, nikanywa chai ya chupa, nikamwombea bibi yule maisha marefu.

Kosa langu lilikuwa hizo saa mbili. Mvua ile haikuwa ya kungojea kibandani. Ilikuwa ya siku mbili. Sehemu ile iko kati ya hekalu la 23 na la 24 la njia ya mahujaji wa Shikoku, yenye mahekalu 88, takriban kilomita 75, bahari mkono mmoja na milima mkono wa pili, maduka ya kuhesabu. Nilipokubali kwamba haikatiki, mchana ulikuwa umekwisha. Nikaingia barabarani gizani, malori yakinimwagia maji, hadi nikapata mlango wa kubisha saa mbili usiku, natetemeka kiasi cha kushindwa kufungua kamba za viatu.

Tangu siku ile, kabla sijatafuta paa natazama kwanza mvua yenyewe. Ni ya dakika, ya usiku kucha, au ya siku kadhaa? Japani ina mahali pengi mno pa kujikinga, pengine kuliko nchi yoyote niliyopita kwa baiskeli, na ndiyo maana mgeni huchagua vibaya: hukimbilia paa la kwanza analoliona. Hapa nalinganisha yale niliyoyatumia, mawili mawili, ili ujue lipi linafaa mvua gani.

Kwanza, mvua yenyewe

Sisi tuliokulia pwani tunaijua mvua inayokuja kwa kishindo, ikamwaga, kisha jua likatoka na barabara ikafuka mvuke. Japani nayo inayo. Huitwa yudachi, hupiga alasiri za Julai na Agosti, aghalabu na radi. Hiyo ndiyo ya kujibanza na kungoja.

Tsuyu ni jambo lingine. Hii ni mvua ya msimu inayotanda juu ya visiwa vya Kyushu na Shikoku na sehemu kubwa ya kisiwa kikuu, Honshu, kuanzia Juni hadi katikati ya Julai hivi. Okinawa, kusini kabisa, huanza mapema, mwezi Mei, na Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, huhesabiwa kuwa haina tsuyu. Inaweza kunyesha taratibu siku nzima bila kuchoka, au ukajipanga mstari wa mawingu mahali pamoja na kumwaga mvua ya maafa. Mwanzoni mwa Julai 2018 mvua ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 200 magharibi mwa nchi, wengi wao katika mikoa ya Hiroshima, Okayama na Ehime, na hiyo ndiyo mikoa waendesha baiskeli wanayoipenda mno. Halafu kuna vimbunga, ambavyo wenyeji huviita taifu, hasa kuanzia Julai hadi Oktoba.

Idara ya hali ya hewa, Kishocho, hutoa ramani ya rada mtandaoni inayoonyesha mvua kila dakika 5 na inakoelekea kwa saa moja ijayo. Ukijifunza kuisoma hiyo tu, umeshajua nusu ya mambo. Wingu likiwa doa dogo linalosogea, tafuta benchi. Likiwa blanketi lililofunika mkoa mzima, tafuta kitanda, na ukitafute kabla ya saa nane mchana.

Konbini au michi-no-eki?

Konbini ni duka dogo la kila kitu: 7-Eleven, Lawson, FamilyMart. Nchi nzima yako zaidi ya 50,000, mengi hayafungi usiku wala mchana. Kwa mtu aliyelowa, konbini ni soksi kavu, glovu, koti la mvua la plastiki, choo, chakula cha moto na mtu wa kukusalimia. Ubaya wake ni kwamba si mahali pa kukaa. Mengine yana kona ya viti, mengi hayana, na ukishamaliza kununua unajikuta umesimama nje chini ya upenu mwembamba, karibu na pipa la taka, upepo unakupiga magotini. Dakika 20 zinatosha. Zaidi ya hapo mwili unapoa, na kupoa huko ndiko kunakoumiza kuliko mvua yenyewe.

Michi-no-eki ni kituo cha mapumziko cha barabarani. Mpango huo ulianza rasmi mwaka 1993 na sasa vituo ni zaidi ya 1,200. Kwa sharti la kusajiliwa, kila kimoja kina maegesho na vyoo vya bure saa 24, pamoja na mahali pa kupata habari za barabara. Vingi vina mgahawa, soko la mboga za wakulima wa jirani, na baadhi vina bafu la maji ya chemchemi ya moto. Utakuta ubao au skrini inayoonyesha barabara zipi zimefungwa, viti vya kukaa bila mtu kukuuliza, na baraza pana linaloweza kuingiza baiskeli nzima.

Kwa mvua ya saa moja hadi tatu, mimi nachagua michi-no-eki bila kusita, hata kama inanibidi niendeshe kilomita tano zaidi katika mvua. Tofauti ni kwamba konbini iko kila kona ya mji, na michi-no-eki iko pale barabara ilipopita, mara nyingi mbali na treni. Halafu duka na mgahawa wake hufungwa jioni, saa kumi na moja au kumi na mbili, unabaki na choo na mashine ya vinywaji.

Kuna jambo moja nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona wageni wakiliharibu. Michi-no-eki ni mahali pa kupumzika. Dereva aliyechoka kusinzia garini ni jambo la kawaida, lakini kusimamisha hema uwanjani ni jambo lingine, na vituo vingi vimeweka mabango ya kulikataza. Siku ya mvua kali, ukimwendea mhudumu kabla hajafunga ukamwambia hali yako, mara nyingi atakusaidia kutafuta pa kulala kwa simu. Ukijificha nyuma ya vyoo usiku, unawaharibia wanaokuja nyuma yako.

Kati ya hayo mawili kuna paa la tatu ambalo waendesha baiskeli wachache hulizungumzia, nami nalipenda kupita kiasi: nyumba ya mashine za kufulia za kulipia kwa sarafu, koin randori. Zimejaa katika miji midogo, nyingi hufunguliwa hadi usiku wa manane au saa 24. Ndani kuna mwanga, benchi, meza ya kukunjia nguo, na mashine za kukaushia zinazomeza sarafu ya yeni 100 kwa dakika chache. Unavua koti, soksi, glovu na fulana, unabaki na nguo moja kavu ya akiba, na baada ya nusu saa unavaa nguo zenye joto. Sijui faraja nyingine barabarani inayofanana na kuvaa soksi zilizotoka mashineni wakati nje kunanyesha. Konbini inakupa chakula cha moto. Koin randori inakupa mwili wa moto. Mvua ikiwa ya baridi, ya Aprili au Novemba, anza na mashine, chakula kitafuata. Viatu usiviingize kwenye mashine ya nguo. Baadhi ya nyumba hizo zina mashine maalumu ya viatu.

Paa za bure: kibanda cha basi, azumaya, kituo cha treni, hekalu

Mashambani, paa za bure ni nyingi, ila hazilingani. Azumaya ni kile kibanda cha bustanini chenye nguzo nne na paa, bila kuta. Kwa manyunyu yanayoshuka wima kinatosha kabisa, unaweza hata kupika chai. Upepo ukiwa wa pembeni, azumaya ni mwavuli wa mbao tu. Kibanda cha basi kina kuta tatu, na ukuta mmoja uliopo upande wa upepo una thamani kuliko paa kubwa. Njiani Shikoku kuna pia vibanda vilivyojengwa kwa ajili ya mahujaji wanaotembea kwa miguu mahekalu 88, safari ya takriban kilomita 1,200. Mwendesha baiskeli anakaribishwa kupumzika humo, lakini akifika mtembea kwa miguu, mpishe. Vimejengwa kwa ajili yake.

Kituo cha treni kisicho na wahudumu ndicho bora kuliko vyote hivyo, kwa sababu mbili. Kina chumba cha kungojea chenye mlango, na kina treni. Ukikaa pale saa moja ukaona mvua haikatiki, umeshafika kwenye njia ya kutokea. Kibanda cha basi hakikupi hilo, maana mabasi ya mashambani mengi hayabebi baiskeli.

Kuhusu mahekalu na vihekalu vya vijijini: upenu wake ni mpana na mzuri, nami nimejikinga huko mara kadhaa. Egesha baiskeli nje ya lango, inamisha kichwa, usikae kwenye ngazi za mbele, usile wala kuwasha jiko. Akitokea mtu, sema: "Sumimasen, amayadori shite mo ii desu ka?" Samahani, naweza kujikinga mvua hapa? Kwetu Unguja au Lamu mvua ikikukuta unarukia baraza la mtu yeyote, na mwenyewe akitoka anakuletea kahawa. Japani watu ni wakarimu vilevile, ila ukarimu wao huanza na wewe kuomba. Sikuwahi kuliuliza swali hilo nikakataliwa.

Handaki usilihesabu kuwa paa. Linavutia, najua: ni kavu, na milimani Japani yapo kila baada ya kilomita chache. Lakini mengi ya zamani hayana njia ya kando, malori hupita yakigusa kiwiko, na dereva anayetoka kwenye mvua kuingia gizani na kioo chenye ukungu hakuoni. Ukilazimika kulipita, washa taa zote na upite. Usisimame.

Hema au mlango wa kubisha?

Hapa ndipo pesa inapoingia, na ndipo wengi hukosea kwa kubana matumizi.

Hema ni zuri Japani. Maeneo ya kupiga kambi ni mengi, mengine ya bure, na karibu yote yana maji na choo safi. Mvua ya kawaida ya usiku si sababu ya kulihama hema zuri. Ila angalia limesimama wapi. Maeneo mengi ya kambi yako kingo za mito, kwenye changarawe tambarare inayopendeza, na mito ya Japani ni mifupi na mikali: mvua inayonyesha mlimani inakufikia kwa saa chache, wakati mwingine juu yako hakujadondoka hata tone. Tarehe 14 Agosti 1999, kwenye mto Kurokura mkoani Kanagawa, watu 18 waliopiga kambi kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto walizingirwa na maji, na 13 wakafa, watoto wakiwemo. Walikuwa wameonywa wahame. Kila ninapoona changarawe tambarare kando ya mto, nalikumbuka tukio lile na kupeleka hema langu juu, hata kama juu kuna mawe na mteremko.

Hokkaido ina mbadala wake: raida hausu. Ni nyumba za kulala za wasafiri wa pikipiki na baiskeli, kwa kawaida kati ya yeni 500 na 2,000, nyingine bure. Unakuja na mfuko wako wa kulalia, unalala sakafuni pamoja na wengine, na nyingi hufunguliwa majira ya kiangazi tu. Nyingine ni mabehewa ya treni yaliyostaafu, nyingine ni chumba cha juu ya mgahawa. Kwa mvua ya Hokkaido, raida hausu inalishinda hema kwa mbali. Huko kaskazini mvua huja na baridi hata kiangazini; mjini Wakkanai mwezi Agosti wastani wa joto ni takriban nyuzi 20, na ukiongeza upepo wa pwani ya Bahari ya Japani unakuwa kama uko mlimani Lushoto mwezi Julai ukiwa umelowa. Tena katika chumba kile utakutana na watu waliotoka kule unakokwenda. Watakuambia daraja lipi lina upepo, na duka lipi la mwisho kabla ya kilomita 60 tupu. Usitegemee kila duka la huko kukesha. Seicomart, mtandao wa maduka wa Hokkaido, yana chakula kizuri cha moto, lakini mengi hufunga usiku.

Kusini ya hapo, usiku wa mvua una milango mitatu: manga kissa, hoteli ya wafanyabiashara, na minshuku.

Manga kissa ni mkahawa wa intaneti na vitabu vya katuni wenye vijumba vidogo vya kulala, karibu na vituo vikubwa vya treni. Usiku mzima ni kama yeni 2,000 hadi 3,500, bafu na vinywaji vya moto mara nyingi vipo. Ni nafuu na unaweza kuingia hata saa saba usiku. Lakini baiskeli inabaki nje kwenye mvua, nguo huna pa kuzianika, na kijumba chenyewe hakina dari yake, kwa hiyo unasikia kikohozi cha kila mtu. Nakichukulia kuwa mlango wa dharura. Nimelala huko mara tatu, na mara zote tatu asubuhi nilivaa nguo mbichi.

Hoteli ya wafanyabiashara, bijinesu hoteru, ni chumba kidogo chenye bafu lake, kwa kawaida yeni 6,000 hadi 10,000. Mashine ya kufulia iko chini, kikaushia kipo, chakula cha asubuhi mara nyingi kipo ndani ya bei. Baadhi hukuruhusu kuingiza baiskeli chumbani ikiwa ndani ya mfuko, nyingine huihifadhi nyuma ya mapokezi. Piga simu uulize kabla ya kulipa. Jengo ni la zege, lenye ghorofa. Kumbuka hilo tukifika kwenye kimbunga.

Minshuku ni nyumba ya familia inayolaza wageni. Unalala kwenye mkeka wa tatami, bafu ni la pamoja, na bei yenye chakula cha jioni na cha asubuhi ni kama yeni 8,000 hadi 12,000. Ukilinganisha tarakimu tu, hoteli inashinda. Mimi kwa mvua ya usiku mmoja nachagua minshuku, na nitasema kwa nini.

Usiku ule wa Kochi mlango nilioubisha ulikuwa wa minshuku. Mama mwenye nyumba, okami-san kama wanavyomwita, hakuniuliza kwanza kama nina nafasi niliyoweka. Alileta magazeti ya zamani akayatandika mlangoni, akaniashiria nivue viatu, akavijaza magazeti mengine yaliyofinyangwa, akanisukuma bafuni. Nilipotoka, baiskeli ilikuwa imeshaingizwa bandani na imefutwa. Magazeti ndani ya viatu aliyabadilisha mara mbili usiku. Nilisikia nyayo zake. Asubuhi viatu vilikuwa vikavu. Na alinieleza jambo ambalo hakuna programu ya simu ingenieleza: barabara ya mlimani niliyopanga kuipita hufungwa mvua ikikusanyika kupita kiwango, kwa hiyo nishike ya pwani. Kweli, barabara nyingi za milimani Japani zina mabango yanayotaja milimita za mvua ambazo zikitimia geti linashushwa. Nilikuwa nimeyapita mabango hayo wiki nzima bila kujua yanasema nini.

Minshuku ina masharti yake. Haipendi mgeni anayefika usiku bila taarifa, kama nilivyofika mimi; chakula hupangwa mapema, na nyingi hupokea fedha taslimu tu. Piga simu kabla ya saa tisa alasiri. Kama Kijapani chako ni cha kubabaisha, mwombe mhudumu wa michi-no-eki au wa ofisi ya utalii akupigie. Na popote utakapolala, kama huna makazi Japani, utaombwa pasipoti na watachukua nakala. Iweke kwenye mfuko usiopitisha maji, tena wa kufikika haraka, usije ukaifukua chini ya hema lililolowa mbele ya watu.

Kungoja au kuondoka kwa treni?

Mvua ya tsuyu mara nyingi haiko nchi nzima kwa nguvu moja. Kilomita 100 kaskazini au ng'ambo ya mlima kunaweza kuwa kukavu. Ndiyo maana nasema kifaa bora cha mvua Japani ni mfuko wa rinko, yaani wa kubebea baiskeli ndani ya treni.

Treni za Japan Railways hupokea baiskeli bila nauli ya ziada, mradi imefunguliwa na kufungwa yote ndani ya mfuko, hakuna kinachochungulia. Jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 250, uzito usizidi kilo 30. Mfuko mwepesi unakunjika kuwa kama chupa ya maji. Unavua magurudumu, unayafunga pembeni ya fremu, unavisha. Jifunze nyumbani, pakavu, mara kumi. Mara ya kwanza ilinichukua dakika 50 na treni ikaniacha. Sasa ni dakika 15. Ukipanda Shinkansen, treni ya mwendo kasi, omba kiti cha nyuma kabisa ya behewa, chenye nafasi ya mzigo mkubwa, na epuka saa ambazo watu wanakwenda kazini. Futa baiskeli kabla ya kuingia. Maji yakivuja sakafuni, utaona aibu hadi mwisho wa safari.

Ukilinganisha, siku ya ziada kwenye hoteli ni yeni 7,000 au zaidi na unabaki mahali palepale. Tiketi ya treni ya kawaida ya saa mbili mara nyingi ni chini ya nusu ya hapo na inakutoa kwenye mvua. Kuna wanaosema kupanda treni ni kuikata safari. Aliyetoka Cape Sata kusini kwenda Cape Soya kaskazini akitaka kila kilomita iwe ya miguu yake, namheshimu, na yeye angoje. Wewe mwenye wiki mbili na viza ya kuhesabiwa siku, panda treni.

Kwenye Hokkaido ya kaskazini na mashariki ulinganisho huu hugeuka, kwa kuwa reli ni chache na treni zenyewe ni chache. Huko kungoja ndiyo kawaida, na raida hausu ndiyo mahali pake.

Kimbunga hakilinganishwi

Kwa taifu sina jozi ya kukulinganishia. Hema hapana, kibanda hapana, raida hausu ya mbao hapana, kando ya bahari au mto hapana. Hoteli ya zege, mjini, ghorofa ya pili kwenda juu, mbali na mteremko, na uwe umeshaingia siku moja kabla.

Nasema siku moja kabla kwa sababu ya treni. Kampuni za reli husimamisha safari kwa mpango, wakitangaza mapema, wakati mwingine anga bado ni jeupe. Oktoba 2019 kimbunga Hagibis kilipokaribia, treni za eneo la Tokyo zilisimamishwa kwa mpango huo kabla hakijatua kwenye rasi ya Izu jioni ya tarehe 12. Siku hiyo moja Hakone ilipata milimita 922.5 za mvua, kiasi kisicho mbali na kile ambacho Dar es Salaam hupata mwaka mzima. Hakone ni mlima ambao waendesha baiskeli huupanda kwa kujifurahisha. Ukingoja uone mvua ndipo uamue, treni zimekwisha, feri zimefungwa gatini na vyumba vimejaa.

Ukikwama hata hivyo, kuna hinanjo, mahali pa kukimbilia wakati wa maafa: shule, kumbi za mitaa. Zimefunguliwa kwa kila aliye katika eneo hilo, mgeni na mwenyeji. Tahadhari za Japani zina ngazi tano. Ngazi ya 4 maana yake kila aliye mahali pa hatari aondoke. Kwenye ramani ya Kishocho ya mafuriko na maporomoko ya udongo ni rangi ya zambarau. Usiingoje ngazi ya 5, kwa kuwa hapo maafa yameshaanza au yako mlangoni. Weka programu ya Safety tips kwenye simu, inatoa tahadhari hizo kwa Kiingereza na lugha nyingine. Hinanjo si kambi ya bure ya siku ya manyunyu, lakini siku yenyewe ikifika usione haya kuingia.

Mfano: Shimanami Kaido, siku ya upepo

Tuseme uko Onomichi, mkoani Hiroshima, unataka kuvuka Shimanami Kaido hadi Imabari, kisiwani Shikoku, kilomita 70 hivi za visiwa na madaraja, njia iliyokamilika mwaka 1999 na pengine ndiyo inayotamaniwa kuliko zote Japani. Rada inaonyesha mvua ya wastani kuanzia saa sita mchana, na upepo.

Mvua peke yake isingenizuia pale. Visiwa vina maduka, mikahawa na vituo vya baiskeli kila baada ya mwendo mfupi. Upepo ndio hoja. Ukizidi, madaraja hufungwa kwa baiskeli, na feri ndogo za visiwani nazo zinaweza kusimama. Unaweza kukwama katikati, kwenye kisiwa.

Kwa hiyo: ukiwa na siku moja tu, baki Onomichi, au panda treni ukiwa na mfuko wako hadi Imabari kwa kuzungukia Okayama, uanzie ng'ambo kesho yake. Ukiwa na siku mbili, ondoka alfajiri na upige simu ya minshuku kisiwani Ikuchijima, mjini Setoda, kabla hujatoka. Utafika kabla ya saa sita. Daraja likifungwa alasiri, wewe uko kwenye tatami, viatu vyako vimejazwa magazeti, na mama mwenye nyumba anakuuliza kama unakula samaki mbichi.